Mpango wa kuchochea uchumi: kwa nini Wamarekani hubishana hata juu ya pesa waliyopokea

Februari 2010, gazeti la New York Times na televisheni ya CBS waliwauliza Wamarekani swali jepesi: tangu Barack Obama aingie madarakani, kodi ya watu wengi imepanda, imeshuka au iko palepale? Asilimia 53 walisema iko palepale. Asilimia 24 walisema imepanda. Waliosema imeshuka walikuwa asilimia 12 tu.

Hao 12 ndio waliojibu sawasawa. Kodi ilikuwa imeshuka kwa karibu kila familia yenye mtu anayefanya kazi. Serikali ilikadiria familia 95 katika kila 100. Na si jambo la kusimuliwa na mtu wa mbali. Pesa yenyewe ilikuwa inaingia kwenye mishahara yao, mwezi hadi mwezi, kwa karibu mwaka mzima.

Kila uchumi wa Marekani unapoyumba, mjadala huu hurudi, na huku kwetu hutufikia vipande vipande. Kijiweni mmoja anasema Obama aliwagawia mabenki mabilioni. Mwingine anasema Trump aliwapa watu dola 1,200 kila mmoja. Kwenye kundi la WhatsApp wa tatu anaandika kwamba Biden alichapisha noti mpaka bei zikapaa. Katika maneno hayo matatu mna kweli, mna uongo, na mna mambo mawili tofauti yaliyopewa jina moja. Tuyafungue polepole, kwa sababu ndani yake kuna somo kuhusu namna watu wanavyoamua serikali imewasaidia au haikuwasaidia.

Tuelewane maneno kwanza

Uchumi hudorora pale watu na kampuni wanapoacha kununua kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana sababu yake ya maana ya kubana matumizi, lakini matumizi ya mtu ndiyo mapato ya mwenzake, kwa hiyo wote wakibana pamoja, wote wanazidi kukosa. Mpango wa kuchochea uchumi ni hatua ya serikali kuingia sokoni kwa makusudi katika kipindi hicho, kutumia au kuwawezesha wananchi watumie, mpaka biashara zianze kujiendesha zenyewe tena.

Chukua mtaa mmoja wa Manzese, Dar es Salaam. Fundi seremala hana oda za vitanda, kwa hiyo mchana anajikaza na chai badala ya kula kwa mama lishe. Mama lishe naye anapunguza kilo za mchele anazochukua dukani. Mwenye duka akiona mauzo yameshuka, anaahirisha kabati alilotaka kumwagiza fundi. Hapo hakuna mvivu wala mjinga. Kila mtu kafanya hesabu yake vizuri na mtaa mzima umekwama. Sasa serikali ikimpa fundi yule oda ya madawati 200 ya shule, noti ya elfu kumi itapita kwa mama lishe, itapita dukani, na huenda ikarudi kwa fundi mwenyewe kama malipo ya lile kabati.

Wachumi wanabishana noti hiyo itazunguka mara ngapi. Wengine wanasema kila shilingi ya serikali huzaa zaidi ya shilingi moja ya shughuli. Wengine wanasema hata moja kamili haifiki, maana serikali imeikopa mahali, na huko ilikotoka nako ilikuwa na kazi ya kufanya. Huo ni ubishi wa haki, wa kitaalamu, na haujaisha. Jibu hutegemea hali: mtaa uliokwama kabisa una mafundi wamekaa bure, kwa hiyo oda mpya haimnyang'anyi mtu. Mtaa ambao kila fundi tayari ana kazi, oda ya serikali itapandisha bei ya mbao tu.

Njia za kuingiza pesa ni chache. Serikali inaweza kupunguza kodi, kuwapa watu hela mkononi, kuongeza posho za waliopoteza kazi, kujenga barabara na madaraja, au, kwa nchi ya majimbo kama Marekani, kuzipa serikali za majimbo fedha. Hii ya mwisho husahaulika, na kumbe ni nzito. Karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa na sheria zao yasitumie zaidi ya yanachokusanya. Mdororo ukija, makusanyo yanashuka, na gavana hana ujanja: anafukuza walimu na askari wa zimamoto wakati ule ule ambao kila mtu anakosa kazi. Serikali kuu haina kizuizi hicho. Inakopa kwa kuuza hati fungani, na wanunuzi ni mifuko ya pensheni, mabenki, wananchi wenyewe na nchi kama Japani na China. Kuongeza fedha katika mzunguko ni kazi ya Benki Kuu, na hilo ni jambo jingine ingawa mara nyingi yote mawili hufanyika pamoja.

Mafungu matatu ndani ya mwaka mmoja

Sasa tuje kwenye mkanganyiko wenyewe. Kati ya Februari 2008 na Februari 2009, Marekani ilipitisha sheria tatu kubwa za fedha, na watu wengi hadi leo wanazikumbuka kama moja.

Ya kwanza aliisaini George W. Bush Februari 13, 2008. Ilikuwa ya takriban dola bilioni 152, na sehemu kubwa yake ilikuwa hundi za kawaida: hadi dola 600 kwa mtu, 1,200 kwa mke na mume. Vyama vyote viwili, Republican cha Bush na Democratic cha Obama, viliiunga mkono kwa wingi. Ya pili naye Bush ndiye aliyeisaini, Oktoba 3, 2008, wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka. Hiyo ndiyo ya kuyaokoa mabenki, dola bilioni 700. Ya tatu ni ya Obama, dola bilioni 787, iliyosainiwa Denver Februari 17, 2009, siku 28 baada ya yeye kuapishwa. Hiyo haikuwa ya mabenki.

Taasisi ya utafiti ya Pew ilipouliza mwaka 2010 nani alianzisha mpango wa kuyaokoa mabenki, asilimia 34 walijua kwamba ni serikali ya Bush. Asilimia 47 walisema ni Obama. Tafakari maana yake kwa mpiga kura wa kawaida: amepoteza nyumba, amesikia mabilioni yamekwenda kwa matajiri wa Wall Street, na anaamini ni mtu yule yule, fungu lile lile. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kama anaunga mkono "mpango wa serikali wa kuinua uchumi", hasira anayokujibu nayo ni ya fungu jingine. Tena sehemu ya zile bilioni iliyokwenda kwenye mabenki ilirudishwa baadaye, na faida juu yake, lakini kufikia hapo hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Hakuna hata kura moja

Mpango wa Obama ulipofika Baraza la Wawakilishi mara ya kwanza, Januari 28, 2009, ulipita kwa kura 244 dhidi ya 188. Hakuna Mrepublikan hata mmoja aliyeuunga mkono. Kwenye kura ya mwisho ya Februari 13 haikubadilika: Warepublikan sifuri. Katika Seneti walipatikana watatu, Susan Collins na Olympia Snowe wa Maine na Arlen Specter wa Pennsylvania, na bei ya kura zao ilikuwa kupunguzwa kwa ukubwa wa mpango. Specter alihama chama miezi miwili baadaye.

Kuna njia rahisi ya kulieleza hilo, kwamba Warepublikan walikuwa wabaya au Wademokrat wabadhirifu. Mimi naona njia hiyo inatunyima kuelewa. Kulikuwa na hoja za kweli. Upande mmoja ulisema serikali ikikua haipungui tena, kwamba deni la leo ni kodi ya watoto, na kwamba miradi iliyochaguliwa na wanasiasa hufuata kura kabla ya faida. Upande wa pili ulisema kampuni zinafukuza watu kwa malaki kila mwezi na hakuna mnunuzi mwingine aliyebaki sokoni isipokuwa serikali. Na kulikuwa na sauti ya tatu, ambayo Paul Krugman, mshindi wa Nobel ya uchumi wa 2008, aliirudia mara nyingi: mpango ni mdogo mno kwa shimo lililopo. Kwa hiyo yule aliyesema "sikubaliani nao" kwenye utafiti wa maoni huenda alitaka usiwepo kabisa, na huenda alitaka uwe mara mbili. Takwimu moja ikajumlisha watu wanaopingana.

Kisha kuna ule mchoro wa asilimia 8. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu nadhani mchoro huu uliiumiza serikali ya Obama kuliko hotuba yoyote ya wapinzani.

Januari 2009, kabla ya kuapishwa, washauri wake wawili, Christina Romer na Jared Bernstein, walitoa ripoti yenye mistari miwili. Mstari mmoja ulionyesha ukosefu wa ajira bila mpango: ungepanda hadi kama asilimia 9. Mwingine ulionyesha hali pakiwa na mpango: usingezidi 8. Mpango ukapitishwa, na Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10. Warepublikan hawakuhitaji hoja nyingine. Walishika mchoro ule na kusema: mlisema nane, tumefika kumi, mpango umeharibu.

Ni hoja inayoingia akilini papo hapo. Kasoro yake ni moja. Washauri wale waliandika wakati hakuna aliyejua uchumi umeanguka kiasi gani. Makadirio ya kwanza ya serikali, yaliyotoka Januari 30, 2009, yalisema kwamba katika robo ya mwisho ya 2008 pato la taifa lilikuwa linashuka kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Takwimu ziliporekebishwa baadaye, kasi hiyo ikaonekana ilizidi asilimia 8. Shimo lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lilivyopimwa. Mwezi ule ule Obama aliposaini, kabla hata ya pesa kuanza kutoka, ukosefu wa ajira ulikuwa tayari asilimia 8.3. Mstari wa "bila mpango" ndio uliokuwa umekosewa, na ukikosea ule, wa pili nao unakwenda na maji.

Hapa ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Kuuliza "mbona hali bado mbaya?" hakukupi jibu. Swali linalotakiwa ni "ingekuwaje bila mpango?", na dunia hiyo ya bila mpango hakuna aliyewahi kuishi ndani yake akarudi kutuhadithia. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba katikati ya 2010 mpango ulikuwa umewezesha watu kati ya milioni 1.4 na milioni 3.3 kuwa kazini. Chuo Kikuu cha Chicago kilipowauliza wachumi mashuhuri wa mitazamo tofauti mwaka 2012, asilimia 80 walikubali kwamba ukosefu wa ajira ulikuwa mdogo zaidi mwisho wa 2010 kwa sababu ya mpango. Walipoulizwa kama faida ilizidi gharama, walikubaliana kwa kiwango kidogo zaidi, na huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa mtaalamu. Lakini jiweke nafasi ya mwalimu wa Ohio ambaye hakufukuzwa. Hakupokea barua ya kumwambia "ulikuwa kwenye orodha, tukakuondoa". Aliamka, akaenda darasani, akafundisha. Jirani yake aliyefukuzwa kiwandani ndiye ana habari ya kusimulia.

Pale ambapo jicho halioni, chama hujaza. Februari 2009, Gallup, kampuni ya utafiti wa maoni, ilikuta Wamarekani 59 katika kila 100 wanaunga mkono mpango, lakini chini ya wastani huo kulikuwa na nchi mbili: Wademokrat asilimia 82, Warepublikan asilimia 28. Na hili la chama kuwa miwani halina upande mmoja. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2016, maoni ya Warepublikan kuhusu uchumi yalipanda ghafla na ya Wademokrat yakashuka, huku Obama bado yuko Ikulu na hakuna sera hata moja iliyobadilika. Warepublikan waliolia juu ya deni mwaka 2009 walipitisha punguzo la kodi la karibu dola trilioni 1.5 mwaka 2017, nao Wademokrat ghafla wakagundua uchungu wa nakisi, yaani serikali kutumia zaidi ya inachokusanya.

Wanasiasa nao walicheza pande mbili. Paul Ryan, mbunge wa Republican kutoka Wisconsin, alipiga kura ya hapana, kisha akaiandikia Wizara ya Nishati barua kuombea taasisi za jimbo lake fedha za mpango huo huo. Mwaka 2012, akigombea umakamu wa rais, ilibidi akiri. Mark Sanford, gavana wa South Carolina, yeye angalau alishikilia msimamo wake na kukataa sehemu ya fedha, mpaka mahakama kuu ya jimbo ikamwamuru azipokee.

Pesa isiyoonekana na hundi yenye jina

Turudi kwa wale asilimia 12. Punguzo la kodi la Obama lilikuwa hadi dola 400 kwa mfanyakazi, 800 kwa mke na mume. Hakuna aliyeletewa hundi. Mwajiri aliambiwa apunguze kodi anayokata kila mshahara, na ikawa dola chache kwa wiki, ndani ya slipu ya mshahara ambayo wengi huangalia mstari wa mwisho tu.

Haikuwa bahati mbaya. Wachumi wa serikali walikuwa wameona hundi za Bush za 2008 zikiishia benki au kulipia madeni kwa sehemu kubwa. Mtu akipata 600 kwa mkupuo anaiona ni akiba. Akipata dola kumi kwa wiki bila kujua, atazila. Kwa kuchochea uchumi, njia hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa siasa, ilikuwa kama haikutolewa. Uchaguzi wa Novemba 2010 ulipofika, Wademokrat walipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Fundisho hilo lilikumbukwa. Corona ilipoingia, Seneti ilipitisha mpango wa dola trilioni 2.2 kwa kura 96 kwa sifuri, Machi 2020. Hundi zilikuwa za dola 1,200, na zile za karatasi ziliandikwa jina la Donald J. Trump. Desemba zikaja 600. Machi 2021, chini ya Biden, zikaja 1,400 ndani ya mpango wa dola trilioni 1.9, na Warepublikan wakarudi kwenye sifuri: hakuna kura yao hata moja katika mabaraza yote mawili. Lakini wananchi hawakugawanyika kama wabunge wao. Pew ilikuta asilimia 70 ya watu wazima wanauunga mkono, wakiwemo asilimia 41 ya wanaoegemea Republican. Siku ile ile mpango ulipopita, seneta Roger Wicker wa Mississippi, aliyeupinga, aliwapongeza wenye migahawa kwa fungu walilopata ndani yake.

Ndugu zetu walioko Minnesota, Texas na kwingineko wanazikumbuka hundi hizi vizuri, na vurugu zake pia. Kigezo kilikuwa namba ya hifadhi ya jamii na ukaazi wa kikodi, si uraia, kwa hiyo mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, alistahili. Mwanafunzi wa viza kwa kawaida hakustahili, na waliotumiwa kwa makosa walitakiwa kurudisha. Machungu zaidi yaliwapata wanandoa waliojaza fomu ya kodi pamoja huku mmoja hana namba: chini ya sheria ya Machi 2020 familia nzima ilikosa, hata mtoto aliyezaliwa Marekani. Sheria ya Desemba ndiyo iliyorekebisha. Mwaka huo, fedha zilizotumwa Kenya kutoka ughaibuni zilipanda kutoka dola bilioni 2.80 hadi bilioni 3.09, sehemu kubwa ikitoka Marekani. Siwezi kusema ngapi kati ya hizo zilitoka kwenye hundi. Watu wetu walikuwa pia wauguzi na madereva waliofanya kazi za ziada wakati wenzao wamejifungia ndani.

Madai yanayorudiwarudiwa

Linalosikika sana ni kwamba pesa ya 2009 iliishia kwenye ufisadi, na ushahidi unaotolewa ni Solyndra, kampuni ya umeme wa jua ya California iliyodhaminiwa mkopo wa dola milioni 535 na kufilisika 2011. Hasara ni ya kweli na waliopitisha dhamana ile walistahili kuhojiwa. Lakini milioni 535 ni chini ya moja ya kumi ya asilimia moja ya bilioni 787. Mfano mmoja wenye jina na picha ya kiwanda kitupu huwa na nguvu kuliko madaraja elfu yaliyokarabatiwa.

Dai jingine ni kwamba mpango ule ndio ulioleta nakisi kubwa ya bajeti. Tarehe zinalikataa. Januari 7, 2009, kabla Obama hajaapishwa, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikuwa imeshatabiri nakisi ya dola trilioni 1.2 kwa mwaka huo, kwa sababu kodi zilikuwa zimekauka na mabenki yanaokolewa. Mpango uliongeza juu yake, haukuuanzisha mzigo.

Lile la mfumuko wa bei wa 2021 na 2022, hilo siwezi kulitupa, kwa sababu lina ukweli. Larry Summers, Mdemokrat na waziri wa zamani wa fedha, alionya Februari 2021 kwamba mpango wa Biden ulikuwa mkubwa kuliko pengo lililobaki. Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, wa juu kuliko wakati wowote katika miaka 40. Wachumi wa Benki Kuu tawi la San Francisco walikadiria kwamba misaada ya corona iliongeza kiwango cha mfumuko kwa kama pointi 3 za asilimia kufikia mwisho wa 2021. Zilizobaki ni meli zilizokwama bandarini, viwanda vilivyofungwa na, baadaye, vita vya Ukraine. Ndiyo maana bei zilipanda hata Ulaya ambako hundi za namna hiyo hazikugawiwa. Kwa mfano wetu wa Manzese, safari hii fundi alikuwa tayari na oda, na serikali ikamwongezea nyingine. Waliosema 2009 mpango ulikuwa mdogo na waliosema 2021 ulikuwa mkubwa wanaweza kuwa sahihi wote wawili, na hilo ndilo ambalo ushabiki wa vyama hauruhusu kusemwa.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Juni 2009 Kenya ilitangaza mpango wake wa shilingi bilioni 22, chini ya waziri wa fedha Uhuru Kenyatta: masoko ya kisasa, vituo vya afya, shule, na mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140. Tanzania nayo ilitangaza mwezi huo huo wake wa shilingi trilioni 1.7. Kenya ilikuwa na serikali ya mseto, vyama vikubwa vyote vimo ndani, kwa hiyo hakuna aliyepinga wazo lenyewe. Ubishi ulikuja baadaye, kwenye masoko yaliyosimama nusu na mabwawa yaliyokauka. Ni ubishi wenye afya kuliko ule wa Marekani kwa jambo moja: mwananchi anaweza kwenda kulitazama bwawa. Na ni mgumu zaidi kwa jingine, kwa kuwa wote walikuwa ndani, hakukuwa na chama cha kuwajibisha.

Limebaki moja ambalo linanisumbua, kwa sababu linaonyesha kwamba hata kuonekana kwa pesa hakutoshi. Ndani ya mpango wa Biden mlikuwa na nyongeza ya ruzuku ya kodi ya watoto: dola 3,600 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na 3,000 kwa aliye juu ya hapo. Nusu yake ililipwa kila mwezi kuanzia Julai 2021, moja kwa moja kwenye akaunti za wazazi. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachojumlisha misaada ya serikali, ulishuka mwaka huo hadi asilimia 5.2. Kuendeleza malipo kulihitaji kura zote 50 za Wademokrat katika Seneti, na Joe Manchin wa West Virginia akakataa, akitaja gharama na mfumuko wa bei. Warepublikan walisema fedha bila masharti zinaondoa hamu ya kufanya kazi. Malipo yakakoma Desemba 2021. Mwaka 2022 umaskini wa watoto ulikuwa asilimia 12.4. Safari hii ile dunia ya bila mpango ilifika kweli, na kila mtu akaiona kwenye takwimu za serikali, miaka miwili iliyofuatana. Vyama havikubadilisha msimamo.